MALI BILA DAFTARI: Somo la Kuweka Nakala za Akiba za Kumbukumbu za Chama



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ushirika methali hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mali ya chama si ya mtu mmoja. Hisa za mkulima wa mwani wa Paje, akiba ya fundi seremala wa Mwanakwerekwe na mkopo wa muuza samaki wa Malindi hujulikana kwa maandishi tu. Maandishi yakipotea, haki ya mwanachama hubaki katika midomo ya watu, na midomo hutofautiana.

Somo hili linahusu kumbukumbu zilizomo katika kompyuta na simu. Baada ya kulisoma, kila Katibu aweze: kueleza nakala ya akiba ni nini, kutaja hatari zinazozikabili kumbukumbu za chama chake, kupanga utaratibu wa kuweka nakala, na kuzijaribu nakala hizo kabla ya siku ya shida. Yafaa lisomwe katika kikundi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, kisha maswali ya mwisho yajadiliwe.

1. NAKALA YA AKIBA NI NINI

Makatibu wa zamani hawakulijua jina hili, lakini kitendo walikijua vizuri. Kitabu cha stakabadhi kina karatasi ya kaboni. Mwanachama anapolipa fedha, Katibu huandika mara moja na maandishi hutokea mara mbili: karatasi ya juu huenda na mwanachama, ya chini hubaki chamani. Moja ikiungua, nyingine ipo. Mkaguzi wa hesabu akiwa na shaka, huzilinganisha mbili hizo.

Kompyuta ilipoingia ofisini ilileta faida nyingi. Hujumlisha bila kuchoka, na leja ya mwaka mzima hupatikana kwa dakika moja. Lakini iliondoa karatasi ya kaboni bila ya sisi kutambua. Katibu anapoandika malipo katika jalada la kompyuta, maandishi hutokea mahali pamoja tu. Hapana karatasi ya chini. Ni juu ya Katibu mwenyewe kuirudisha kaboni hiyo, na kaboni ya kompyuta ndiyo tunayoiita nakala ya akiba: nakala kamili ya jalada, iliyowekwa mahali pengine, inayoweza kufunguliwa na kutumika pale ya kwanza inapoharibika.

Zingatieni maneno "mahali pengine". Jalada lililonakiliwa mara mbili ndani ya kompyuta ile ile halina nakala ya akiba. Kompyuta ikiibiwa, zote mbili huondoka pamoja.

2. HATARI ZINAZOTUZUNGUKA

(a) Umeme. Wakazi wa Unguja hawahitaji kufundishwa habari hii. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kizima kiliingia gizani kwa muda wa takriban wiki nne, baada ya hitilafu katika njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Ras Fumba. Disemba 2009 giza lilirudi, na safari hii likadumu hadi Machi 2010, yaani miezi mitatu. Kebo mpya na kubwa zaidi ilizinduliwa mwaka 2013, nasi tunashukuru. Hata hivyo, funzo limebaki. Chama ambacho daftari zake zote zimo ndani ya kompyuta moja ya mezani, siku umeme unapokosekana huwa hakina daftari. Kadhalika, umeme unapokatika ghafla wakati jalada linaandikwa, au unaporudi kwa nguvu kupita kiasi, jalada au mashine yenyewe yaweza kuharibika.

(b) Nyumba, mvua na chumvi. Ofisi nyingi za mjini zimo katika nyumba za Mji Mkongwe zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ni nyumba za fahari, na UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini fahari si kinga. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultan Barghash, na kwa zaidi ya karne moja wageni waingiao bandarini waliitazama kama alama ya kudumu ya mji. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi za ukarabati zikiendelea, sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo kama lile laweza kuanguka mchana, kabati ya ofisi yetu ina dhamana gani? Hata pasipoanguka kitu, paa huvuja wakati wa masika, na hewa ya chumvi hula vyuma vya mashine pole pole mwaka mzima.

(c) Maji na wizi. Siku hizi kumbukumbu nyingi zimo katika simu ya Katibu: picha za hati za malipo, ujumbe wa miamala, orodha ya waliohudhuria mkutano. Simu huibiwa ndani ya daladala na sokoni Darajani. Huanguka baharini wakati wa bamvua, akina mama wanapokwenda kufunga mwani. Bei ya simu hulipika. Yaliyokuwamo ndani hayauzwi dukani.

(d) Mkono wa mtu. Hasara nyingine hazitoki kwa mwizi wala kwa mvua. Mtu hufuta jalada asilolikusudia, au huandika hesabu ya mwaka huu juu ya jalada la mwaka jana. Tena viko virusi vya kompyuta ambavyo hufunga majalada yote kwa kufuli la siri, kisha hudai fidia. Kimoja cha namna hiyo, kilichoitwa WannaCry, kilienea katika nchi zaidi ya 150 mwezi wa Mei 2017. Virusi hivi hushambulia pia diski iliyochomekwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo diski inayokaa imechomekwa siku zote haihesabiwi kuwa akiba.

(e) Kuondoka kwa mtu. Katibu huhama, huugua, hushindwa katika uchaguzi wa chama, na kila nafsi itaonja mauti. Ikiwa majalada yamo katika akaunti yake binafsi na neno la siri alilijua yeye peke yake, chama hubaki nje ya mlango wa nyumba yake chenyewe. Hatari hii hutajwa kwa nadra kwa sababu ya haya. Lakini ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuiondoa, nasi tutaieleza zaidi katika sehemu ya sita.

3. KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Watunzaji wa kumbukumbu duniani hufuata kanuni fupi, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh. Kanuni yenyewe ni hii: ziwepo nakala TATU, juu ya vyombo vya aina MBILI, na MOJA katika hizo iwe mbali na nyingine. Kwa chama chetu maana yake ni hivi.

Nakala ya kwanza ni jalada lenyewe la kazi, katika kompyuta ya ofisi.

Nakala ya pili huwekwa katika diski ya nje au flashi. Chombo hiki huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha hutolewa, hutiwa katika mfuko au kopo linalofungwa vizuri lisiingie unyevu, na hukabidhiwa Mshika Fedha au mjumbe mwingine asiyekaa katika jengo la ofisi. Flashi si chombo cha milele. Ibadilishwe kila baada ya miaka michache, wala isitumike kubebea nyimbo na filamu, maana ndiko virusi hupatikana.

Nakala ya tatu huwa mbali. Mbali si nyumba ya jirani katika mtaa ule ule, kwani moto na mafuriko havijui mipaka ya kuta. Ofisi iliyo Mkunazini yaweza kuweka nakala yake Makunduchi au Mkokotoni. Chama chenye ndugu zake Pemba kina bahati zaidi: kisiwa hicho hupata umeme kwa kebo yake kutoka Tanga, iliyozinduliwa mwaka 2010, hivyo giza la Unguja si lazima liwe giza la Chake Chake. Njia nyingine ya kuweka mbali ni intaneti, ambapo majalada huhifadhiwa katika mitambo ya kampuni zilizo nchi za nje. Akaunti ya kawaida ya Google, kwa mfano, hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, ingawa nafasi hiyo hugawanywa pamoja na barua pepe na picha.

Wako wanaosema kwamba intaneti ikishakuwapo, diski haina kazi. Kauli hiyo si sahihi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na huduma ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Aliyekuwa na nakala mtandaoni peke yake siku ile aliisubiri. Nayo mitambo ya mbali huungua kama nyumba nyingine. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na hifadhi ya majalada ya watumishi wa serikali yenye terabaiti 858 ikateketea. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala ya nje, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Serikali yenye fedha na wataalamu ilipatwa na hayo. Chama cha msingi kina nafuu moja: majalada yake ni madogo, na hakina udhuru wa ukubwa.

Tahadhari moja iongezwe hapa. Ziko programu ambazo hulinganisha simu, kompyuta na mtandao ili vyote viwe sawa wakati wote. Hizo ni kioo, na kioo si sanduku. Ukifuta jalada huku, hufutika na kule. Akiba ya kweli huhifadhi hali ya jana hata kama ya leo imeharibika. Kwa ajili hiyo kila nakala ipewe tarehe katika jina lake, na nakala za majuma manne yaliyopita zisifutwe.

Nayo karatasi tusiidharau. Mwisho wa kila mwezi urari wa hesabu na orodha ya akiba na mikopo vichapwe, vitiwe saini na Mwenyekiti na Mshika Fedha, kisha vifungiwe katika jalada la karatasi. Karatasi husomeka bila umeme.

4. MFANO WA HESABU

Tuchukue chama cha kuweka na kukopa chenye wanachama 120, kila mmoja akiweka akiba mara moja kwa mwezi, na wanachama 20 wakirejesha mikopo kila mwezi. Maandishi ya mwezi mmoja ni 120 na 20, jumla 140. Kwa mwaka ni 140 mara 12, yaani 1,680.

Tuseme kompyuta imekufa mwisho wa mwaka na hapana nakala. Katibu atalazimika kurudia kila andiko kutoka katika stakabadhi. Akitumia dakika 3 kwa kila moja, atahitaji dakika 5,040, ambazo ni saa 84. Kwa saa 7 za kazi kila siku, hizo ni siku 12 kamili, bila kuhesabu riba za mikopo wala hasira za wanachama wanaosubiri gawio. Na hayo ni pale tu stakabadhi zote zipo. Ikikosekana moja, saa hata ziwe elfu hazitaileta.

Sasa tuseme chama hicho huweka nakala kila Alhamisi jioni. Hasara kubwa kabisa iwezekanayo ni ya juma moja, yaani maandishi 35 hivi. Hayo hurudiwa kwa dakika 105, na Katibu huwahi kwenda nyumbani. Kazi ya kunakili ikichukua dakika 15 kwa juma, mwaka mzima itachukua saa 13. Mwanaushirika apimaye faida na hasara ataona mwenyewe kwamba saa 13 za hiari ni bora kuliko saa 84 za lazima.

5. NAKALA ISIYOJARIBIWA SI NAKALA

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kuamini nakala ambayo haijapata kufunguliwa. Kisa mashuhuri ni cha kampuni ya filamu ya Pixar, huko Marekani. Mwaka 1998, wakati filamu ya Toy Story 2 ikitengenezwa, amri moja iliyotolewa kwa makosa ilianza kufuta majalada ya filamu hiyo. Wakazigeukia nakala za akiba, wakakuta utaratibu wa kunakili ulikuwa umekwisha kuharibika bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni kompyuta ya mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya kujifungua mtoto. Ndani yake mlikuwa na nakala. Tuone jinsi mambo yalivyo: nakala rasmi ya kampuni ilishindwa kwa kutojaribiwa, na nakala ya nyumbani ikafaulu kwa kuwa ilikuwa mbali na ilikuwa ikitumika.

Kwa hiyo mara moja kila miezi mitatu ifanyike hivi: Katibu na mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi wachukue nakala, waifungue katika kompyuta nyingine isiyokuwa ya ofisi, na walinganishe mambo matatu, nayo ni jumla ya akiba, jumla ya mikopo na idadi ya wanachama. Yakilingana na urari uliotiwa saini, waandike tarehe na majina yao katika daftari. Yasipolingana, sababu itafutwe siku hiyo hiyo.

6. FUNGUO NA SIRI

Akaunti ya mtandao ya chama ifunguliwe kwa jina la chama, isiwe ya Katibu binafsi. Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na viongozi wawili, kisha bahasha iwekwe katika sefu ya chama. Katibu mpya anapopokea kazi, hati ya makabidhiano itaje kompyuta, diski, akaunti na maneno ya siri, kama inavyotaja mihuri na vitabu vya stakabadhi. Baada ya hapo maneno ya siri yabadilishwe. Ikumbukwe pia kwamba Google ilitangaza mwaka 2023 kuwa akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Akaunti iliyosahauliwa ni kama shamba lisilopaliliwa.

Nakala zikiwa nyingi, siri nayo hulindwa zaidi. Deni la mwanachama ni habari yake na chama. Flashi isiachwe mezani, na jalada la mikopo lifungwe kwa neno la siri kabla ya kupelekwa popote. Kulinda hesabu isipotee na kulinda hesabu isisambae ni wajibu mmoja wenye pande mbili.

7. KUMBUKUMBU ZA MWANACHAMA MWENYEWE

Somo hili si la ofisi peke yake. Kila mwanachama anazo kumbukumbu ambazo hazipatikani tena zikipotea: picha ya hati ya nyumba au shamba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya skuli, ujumbe wa miamala, sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo, picha za harusi na za waliotangulia mbele ya haki. Wengi wetu tumeviweka vyote katika simu moja.

Kanuni ni ile ile. Mazungumzo ya WhatsApp hukaa ndani ya simu yenyewe, na simu ikizama huzama nayo, isipokuwa kama mwenyewe alikwisha kuamuru yanakiliwe mtandaoni. Mwanachama asiyeweza kulipia intaneti kila mara anunue flashi, anakili picha zake kila baada ya miezi michache, na aiweke kwa dada au mtoto anayekaa mji mwingine. Vijana walio na ujuzi wawasaidie wazee wao. Nusu saa ya kijana yaweza kuhifadhi umri mzima wa mzee.

Visiwa vyetu vina mfano mwema wa kufuata. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizopo Kilimani, zimehifadhi maandiko ya zama za masultani, na mkusanyiko wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Walioziandika karatasi hizo wamekwisha kufariki. Tunazisoma leo kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyechukua taabu ya kuzitunza.

8. AZIMIO LA KUPELEKWA KATIKA KAMATI

Chama kinashauriwa kupitisha, katika kikao kijacho, mambo matano yafuatayo na kuyaandika katika muhtasari:

(i) Nakala iwekwe kila Alhamisi, na jina la mwenye dhamana litajwe.
(ii) Diski ya nje itunzwe na mjumbe asiyekaa katika jengo la ofisi.
(iii) Nakala ya mbali ipatikane, kwa intaneti au katika wilaya nyingine.
(iv) Jaribio lifanyike kila miezi mitatu na taarifa yake isomwe kikaoni.
(v) Bajeti ya mwaka iwe na fungu la diski na flashi.

Akiba haiozi, nasi wana wa vyama vya kuweka na kukopa tunaijua kauli hiyo kuliko wengine. Tunayoyafanya kwa fedha tuyafanye na kwa maandishi yanayozilinda fedha hizo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ikiwa kompyuta ya chama chenu itaibiwa usiku wa leo, ni kumbukumbu zipi zitakazosalia kesho asubuhi? Zitajeni moja moja.
2. Ni watu wangapi wanaoweza kufungua majalada ya chama bila Katibu kuwapo?
3. Elezeni tofauti ya kioo na sanduku kama ilivyotajwa katika sehemu ya tatu.
4. Fanyeni hesabu ya sehemu ya nne kwa kutumia idadi ya wanachama wa chama chenu.
5. Nakala yenu ya mwisho ilifunguliwa na kulinganishwa lini, na nani?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama achague kumbukumbu tatu zilizo katika simu yake ambazo asingependa kuzipoteza, azinakili mahali pengine, kisha aje awaeleze wenzake alivyofanya.